Likizo Upande wa Pili wa Pazia

Sheria yenyewe niliisoma kwenye gazeti la kufungia misumari. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, River Road, nikimpimia fundi mmoja misumari ya mabati. Nilipokuwa nakunja gazeti kuukuu niimwagie humo, jicho likaangukia habari ya sheria mpya ya kazi. Mama aliyejifungua atapata miezi mitatu ya likizo na mshahara wake wote. Sawa, nikasema moyoni, akina mama wanastahili. Chini kidogo, kwa maandishi madogo zaidi: na baba naye apewe wiki mbili, na mshahara wake. Nilirudia kusoma. Fundi akaniuliza kama misumari yake imegeuka dhahabu, mbona siiachilii. Nikamfungia kwa ukurasa wa mpira, ule wa sheria nikautia mfukoni.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nane, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Miezi mitatu hiyo ya akina mama haikumhusu tena. Alikuwa akifanya kazi Karen, kwenye bustani ya kuuza miche na vyungu vya maua, kwa kandarasi ya miezi michache michache iliyokuwa ikirudiwa kila ilipoisha. Tumbo lilipoanza kuonekana, kandarasi haikurudiwa. Hakuna aliyemfukuza, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wao. Walimshukuru vizuri, wakamwombea baraka, wakampa mche wa waridi aende nao nyumbani. Alishuka Kinoo, tulikoishi, na ule mche mkononi, akauweka dirishani, na hakuumwagilia maji hata siku moja. Mimi ndiye niliyeumwagilia kisirisiri, kwa sababu mche haukuwa na kosa.

Ningewatembelea hao watu wa miche na maneno yangu, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini mke wangu alinikataza. Alisema maneno hayatamrudishia kazi. Na kwetu hakuna dirisha la serikali unaloliendea na kusema nimekosa kazi na nina mtoto njiani, mnisaidie. Ukikosa umekosa. Kwa hiyo tulibaki na kazi moja kati yetu, yangu, na hiyo sikuwa na ruhusa ya kuichezea.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji. Alikuwa msichana, mzima kabisa, mwenye sauti ya mwuza samaki. Daktari alimwambia mke wangu asiinue kitu chochote kizito kuliko mtoto mwenyewe hadi kidonda kipone, na asipande ngazi ovyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi, huku nikijua tunaishi orofa ya tatu, chumba kimoja, na maji yako kwenye tangi kule chini uani. Kila tone la maji tulilotumia lilipanda ngazi kwa mtungi.

Mtu atauliza, watu wenu walikuwa wapi? Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki. Msichana wa kazi angelala wapi, juu ya meza? Alibaki mama mkwe wangu, naye alifika kutoka Machakos mara moja, na kuku wawili na unga wa wimbi na leso mpya ya kumfungia mjukuu. Tatizo ni kwamba hakuweza kulala kwangu. Kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake wanaoneana haya, haya ya heshima, wanayoiita nthoni. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, sembuse kulala. Wengine mjini wameacha. Mama mkwe wangu hakuwa wa kuacha. Alikuwa mtu wa kanisa, aliimba kwaya, na aliniambia kupitia binti yake kwamba Mungu hajawahi kukataza heshima.

Basi akafikia kwa dada yake Kangemi. Alikuja kwangu asubuhi nikishatoka kwenda dukani, na aliondoka alasiri giza lisimkute barabarani. Mimi duka lilinibana hadi usiku. Katikati hapo mke wangu alikuwa peke yake na mtoto na mshono wake. Mama mkwe alikuwa na goti bovu, hangeweza kupandisha maji. Jioni ya tatu nilifika nyumbani nikamkuta mke wangu ameketi kwenye ngazi ya orofa ya kwanza, mtungi nusu kando yake, uso umekuwa wa kijivu. Mtoto alisikika akilia juu kwenye kitanda.

"Nilikuwa nataka tu ya kumwosha," aliniambia.

Niliogopa. Sitaki kulipamba hilo kwa maneno mengine. Nilimpandisha pole pole, nikampandishia mtoto maji, na usiku huo niliamua kwamba kesho ama napata zile wiki mbili, ama sijui.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kikamba aliyekaa siku nzima kwenye stuli ndefu kando ya sanduku la pesa, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyeamini kwamba likizo ni ugonjwa wa watu wa ofisini. Nilimfuata asubuhi, na kwa bahati mbaya kaunta ilikuwa imejaa mafundi.

"Mzee, niko na shida."

"Ya pesa ama ya watu?"

"Ya ofu. Bibi amejifungua, na amepasuliwa. Nataka wiki mbili."

"Wiki mbili!" Aliwageukia mafundi kama anayewaita mashahidi. "Sasa ni bibi amezaa, ama ni wewe umezaa?"

Walicheka hadi mmoja akaegemea mabomba. Mwingine akauliza kama nimeshaanza kunyonyesha. Nilitoa gazeti langu mfukoni, nikalinyoosha juu ya kaunta.

"Ni sheria, mzee. Soma hapo."

Alivaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho, akageuza upande wa pili kuangalia kama kuna kingine. "Hii umetoa wapi?"

"Kwa zile za kufungia misumari."

"Basi irudie misumari."

Na kweli, aliikunja, akaimwagia skurubu za mteja aliyekuwa akingoja, akampa. Nilitazama sheria yangu ikitoka mlangoni na kupotea River Road kwenye mfuko wa koti la mtu nisiyemjua.

Funguo za stoo zilikuwa kiunoni mwangu. Mkono wangu ulikwenda ukazishika. Nilikuwa nimeshaiona picha nzima, namna nitakavyozitupa juu ya kaunta, na maneno nitakayosema, na namna watakavyonyamaza wote. Nilikuwa na maneno mazuri sana siku hiyo. Kisha nikamkumbuka mke wangu kwenye ile ngazi. Hasira hasara, wahenga walijua duka hili. Nikaziachilia funguo.

Mzee, ambaye nadhani aliona, akalainisha sauti kidogo. "Lakini mama yake si yuko? Si akuje amshikie mtoto? Hiyo ni kazi ya akina mama."

"Amekuja," nilisema, na uchungu wote ukatokea hapo. "Analala Kangemi kwa dada yake. Anarudi mapema, na mimi natoka hapa usiku. Hawezi kulala kwangu."

Mzee akavua miwani. "Hawezi kwa nini? Kwani bibi yako ni wa wapi?"

"Wa Machakos."

Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka na hakuwahi kuniuliza hilo, wala mimi kumwambia. Alidhani, kwa kuwa mimi ni mtu wa Kinoo, nimeoa wa Kinoo.

"Ntheo ulipeleka?" Hao ni mbuzi ambao Mkamba asipoletewa, binti yake hahesabiwi kuwa ameolewa.

"Nilipeleka, mzee. Mwaka juzi."

"Na nyumba ni rumu ngapi?"

"Moja."

"Uuui!" Alishuka kwenye ile stuli. Sikuwa nimewahi kumwona akishuka kabla ya saa ya chakula. Aliwatazama mafundi kama ni wao waliokosea. "Mnacheka nini? Mtoto wa watu amepasuliwa tumbo. Mama yake hawezi kulala hapo, hiyo ni nthoni. Sasa jioni nani anamshika? Jirani?"

Yule wa mabomba alianza kuyahesabu.

"Kijana, enda nyumbani. Wiki mbili."

"Na mshahara, mzee?"

"Mshahara utakuwa umeenda wapi? Utakuja uukute hapa. Enda!"

Nilitoka River Road nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia la simiti. Sheria ya nchi nzima haikunipa hata siku moja, lakini haya ya mama mkwe ilinipa zote. Nilicheka peke yangu hadi kituoni. Nilipomweleza mke wangu, alishika mshono wake kwa mikono miwili na kuniomba nisimchekeshe, unauma.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo sikulifikiria, na nadhani hata waliotunga sheria hawakulifikiria. Mama mkwe alikuwa anaweza kuja kwangu mchana kwa sababu mimi sikuwapo. Sasa nilikuwapo.

Asubuhi ya kwanza ya likizo yangu nilikuwa nimepandisha maji ya kutosha ubatizo, nimefua nepi, nimepika uji, ninajiona baba wa mfano. Simu ya mke wangu ikalia mara moja ikakatika. Ilikuwa mama mkwe, yuko chini kando ya tangi, anauliza kama ndani ni kweupe.

"Toka," mke wangu akaniambia.

"Niende wapi?"

"Sijui. Lakini ngazi ni moja."

Nilishuka. Yeye alikuwa anapanda. Alinisikia kabla hajaniona, akageukia ukuta, akajifunika leso kichwa chote, na mimi nikapita nikitazama viatu vyangu, tukisalimiana kwa kukohoa. Mwanamke wa orofa ya pili, aliyekuwa akifagia, aliuliza kama huyo mama ananidai.

Nilikwenda juu ya paa, panapoanikwa nguo. Nikakaa huko na nepi za binti yangu zikipepea, nikiwa nimelipwa mshahara kamili kulea mtoto nisiyeweza kumfikia. Kila baada ya muda mke wangu alituma ujumbe: maji yameisha. Mama mkwe alikuwa akijikunja pembeni nyuma ya mlango, mimi nikiingia kinyumenyume na mtungi, nikiuacha, nikitoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mvua ilininyeshea, na hasira zangu za karibu zikaja na mizigo yao yote. Kwangu ni kwangu! Nilimwambia mke wangu jioni hiyo kwamba ama mama yake aniangalie usoni kama mtu, ama akae Kangemi.

Alianza kulia kimya kimya akimnyonyesha mtoto, na hiyo ilinimaliza kuliko kama angenitukana. Alimhitaji mama yake. Mimi nilijua kubeba maji. Sikujua kwa nini mtoto analia akikunja miguu, wala kidonda kinatakiwa kuwa na rangi gani. Mama yake alijua. Na alinihitaji mimi. Alikuwa anatuhitaji wote wawili katika chumba kimoja, na hicho ndicho kitu ambacho hakikuwezekana.

Kwa kukosa pa kwenda, kesho yake nilijikuta River Road. Mzee aliniona mlangoni.

"Umefukuzwa kwako?"

Nikamweleza yote: paa, mvua, ngazi, kukohoa. Safari hii duka halikuwa na watu. Alisikiliza, akaingia stoo mwenyewe, akatoka na waya wa chuma na ndoano mbili na misumari ya ukutani.

"Nyumba yako ni futi ngapi, mlango mpaka dirisha?"

Nilimwambia. Akakata waya na koleo, akaongeza kipande cha kufungia.

"Weka hii katikati, ukutani mpaka ukutani. Weka pazia zito, sio hiyo ya kuonyesha. Kitanda na mama na mtoto wakae huko ndani. Wewe kaa huku na jiko na maji. Akiwa hakuoni, hujamwona."

"Atakubali?"

"Si ni Mkamba? Atakubali."

Niliuliza niandike deni langu kwenye daftari la duka. Alinifukuza kwa mkono kama kuku.

Pazia lilikuwa shuka mbili nzito zilizoshonwa pamoja, la kahawia. Mama mkwe alipofika asubuhi nilikuwa nimejificha upande wangu nikipuliza jiko. Nilimsikia akisimama mlangoni kwa muda, akiuliza kitu kwa Kikamba, mke wangu akajibu. Kisha hatua zake zikapita upande wa pili, kitanda kikalia, na mjukuu akapokewa kwa maneno mengi ya Kikamba nisiyoyaelewa. Nikaendelea kupuliza jiko.

Baada ya hapo ikaanza sehemu ya likizo ambayo hadi leo nikiikumbuka natabasamu. Mama mkwe hakuweza kusema nami, lakini hakuna mila inayomkataza mtu kusema na mtoto mchanga. Kwa mjukuu aliongea Kikamba. Akibadilisha na kuongea Kiswahili, nilijua ujumbe ni wangu.

"Ambia baba yako uji imeshika chini."

Nami nilimwambia mtoto, kwa sauti ya kuvuka pazia, "Ambia susu nimesikia, napunguza moto." Susu ndivyo wao wanavyomwita nyanya.

"Ambia baba yako, mtoto akikunja miguu ni hewa. Amlaze kifudifudi kwa mkono, amsugue mgongo."

"Ambia susu anionyeshe."

Halafu mtoto akalazwa kwenye ukingo wa kitanda, chini ya pazia, mikono ya mama mkwe ikaondoka, na mimi nikamchukua. Kwa njia hiyo nilifundishwa kumwogesha mtoto, kumfunga, kumcheulisha, na kupima maji kwa kiwiko. Nilikemewa mara nyingi, na kila mara mtoto ndiye aliyekemewa kwa niaba yangu. Siku moja alisema, "Ambia baba yako ile maua kwa dirisha inakufa, amwage maji." Mke wangu akasema yeye ndiye aliyeuacha. Kisha nikasikia kikombe kikizamishwa kwenye mtungi, na maji yakinywea kwenye udongo, na hakuwa mama mkwe aliyeyamwaga.

Mshono ulipona vizuri. Rangi ya uso ikamrudia mke wangu, akaanza kunitania tena, na nikajua tumevuka. Lakini likizo ilikuwa inaisha. Mama mkwe angeendelea kuja mchana. Lakini zile saa za jioni, kati ya yeye kuondoka na mimi kurudi, zilikuwa pale pale zilipokuwa. Jumapili nilijaza maji kila chombo tulichokuwa nacho, hadi birika na sufuria ya ugali. Nilimwambia mke wangu asithubutu kushuka zile ngazi, hata nyumba ikiungua. Alisema nyumba ikiungua ana maji ya kutosha.

Jumatatu nilifanya kazi bila akili. Nilimpa mtu bawaba alipotaka kufuli. Duka lilipofungwa nilikimbia, na nilipofika Kinoo nilipanda ngazi nikitega sikio kama kuna mtoto analia.

Hakuna aliyekuwa analia. Ndani palinukia supu. Nilifungua mlango, nikakuta upande wangu wa pazia godoro dogo limetandikwa sakafuni vizuri, na blanketi langu juu yake, na sahani imefunikwa. Upande wa pili taa ilikuwa imepunguzwa, na mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisa. Haikuwa sauti ya mke wangu. Nilisimama pale na viatu mkononi, sijui kama niingie au nirudi paani.

Wimbo ukakatika. Sauti ikabadilika kuwa ya Kiswahili.

"Ambia baba yako akule supu. Ambia yeye susu hatarudi Kangemi. Hii pazia ni ukuta. Huku ni nyumba ya msichana wangu. Huko ni nyumba yake."

Niliketi kwenye godoro. Niliifunua ile sahani. Mwishowe nilimwambia mtoto, "Ambia susu asante," na mtoto, ambaye alikuwa amelala zamani, hakusema chochote. Nilikunywa ile supu yote, na machozi yangu machache yalimwagika ndani yake, na nilijua mama mkwe anayasikia, na kwamba hatayataja kamwe. Alikaa nasi hadi mke wangu alipoweza kupandisha mtungi mwenyewe, na katika muda wote huo sikuuona uso wake.

Asubuhi iliyofuata supu ile nilifika kazini nimelala vizuri, nimeoga, nimekunywa chai. Mzee alinitazama juu ya miwani.

"Mama analala wapi?"

"Kwangu, mzee. Upande wa pili wa pazia. Amesema pazia ni ukuta."

"Amesema mwenyewe?"

"Aliambia mtoto."

Mzee alicheka, kisha cheko likamwishia njiani. Alichezea uzi wa miwani yake.

"Mimi wangu wa kwanza alizaliwa nikiwa hapa," alisema. "Kibanda kilikuwa Kawangware, rumu moja kama yako. Mama mkwe alikuja, akaona hakuna pa kulala, akarudi Kitui. Bibi yangu alikaa peke yake mpaka usiku, kila siku. Na mimi nilikuwa nauza waya, kijana. Siku nzima nauza waya."

Mteja aliingia akauliza bei ya gundi ya mabomba. Mzee alimhudumia, akamrudishia chenji, akapanda stuli yake.

Nilimfanyia kazi miaka mingine kadhaa. Katika muda huo vijana wengine wawili wa duka walipata watoto, na wote walikuja kaunta wakiwa wameshika gazeti, kwa sababu habari zilikuwa zimeenea. Mzee hakulisoma. Aliwapa wiki mbili, akawauliza nyumba ni rumu ngapi, akashuka kwenye stuli, akaenda stoo kukata waya.